Mkono Mmoja Staa, Mwingine Andagraundi: Pushapu 100 Zinavyowadanganya Vijana wa Geto

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliposti klipu akiwa kifua wazi sebuleni kwake anapiga pushapu. Muziki unagonga nyuma, taa zimekaa vizuri, jasho linang'aa kama limepakwa mafuta. Alitegemea emoji za moto. Alichopata ni uchunguzi wa maiti. "Mkono wa kulia umeenda jimu, wa kushoto umebaki nyumbani unalea." "Huo wa kushoto ni wako au umeazima kwa mdogo wako?" Mwingine akaisimamisha klipu katikati, akachora mstari mwekundu kutoka kidevuni hadi kitovuni, akalizungushia duara bega la kushoto lililokuwa limezama chini kuliko mwenzake. Jioni ilipofika picha ilishazunguka kwenye magrupu yote na klipu yenyewe ilishafutwa.

Watu walicheka sana, na baadhi ya komenti zilistahili kicheko. Ila chini kabisa, kule ambako wachache hushuka kusoma, kulikuwa na watu ambao hawakucheka. Ni vijana waliotoka kwenye hiyo klipu wakaenda moja kwa moja mbele ya kioo, wakakunja mikono yote miwili, wakaona walichokiona. Maswali yao yalikuwa mafupi: "Mbona hata mimi niko hivi?" "Dawa yake nini wakuu?"

Majibu waliyopewa ndiyo yanayotia wasiwasi. Piga pushapu 100 kila siku, utakaa sawa. Mia hazitoshi, weka 200. Njoo inboksi kuna unga mzuri. Njoo inboksi kuna sindano. Katika majibu yote hayo hakukuwa na hata moja lililosema jambo rahisi kuliko yote, kwamba mkono wenye nguvu upunguziwe kazi.

Hapo ndipo penye ishu. Kwa kijana anayefanya tizi chumbani kwake bila chuma hata kimoja, mkono dhaifu si adui mkubwa. Adui ni mkono wenye nguvu usiokubali kusubiri, pamoja na mashabiki wanaoupigia makofi kwa sababu wanachohesabu ni idadi tu.

HAKUNA MTU ALIYE SAWA PANDE ZOTE

Tuhuma ya kwanza ifutwe kabisa. Kuwa na mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine si ulemavu, si laana, wala si dalili kwamba mtu hajui mazoezi. Takriban watu tisa katika kila kumi duniani wanatumia zaidi mkono wa kulia, na mkono unaotumika zaidi hujenga nguvu zaidi. Wataalamu wa tiba ya mikono wana kanuni yao ya siku nyingi: kwa mtu wa kulia, kiganja cha kulia hukamata kwa nguvu inayozidi cha kushoto kwa takriban asilimia 10. Hiyo ni kwa mtu wa kawaida tu, ambaye hajawahi kuvua shati mbele ya kamera.

Kwa wanamichezo pengo linaweza kuonekana kwa macho. Rod Laver, Mwaustralia aliyebeba mataji yote manne makubwa ya tenisi ndani ya mwaka mmoja, na akarudia tena, 1962 na 1969, alikuwa mtu wa kushoto. Kigasha chake cha kushoto, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja, kilikuwa kinene kuliko cha kulia kiasi kwamba asiyemjua angedhani ni mikono ya watu wawili. Hakuna aliyemchorea duara jekundu. Alikuwa anabeba vikombe tu.

Huku kwetu mkono wa kushoto una historia yake. Mtoto akinyoosha wa kushoto kupokea pipi anaambiwa arudishe, atoe ule mwingine. Lugha yenyewe imeshapanga matokeo: wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Waswahili wa zamani walikwenda mbali zaidi, wa kulia wakauita mkono wa kuume na wa kushoto mkono wa kuke. Kwa hiyo kabla kijana hajafika umri wa kutafuta kifua, mkono wake mmoja umeshakula, umeshasalimia, umeshaandika na umeshapiga ngumi kwa miaka zaidi ya 15, wakati mwenzake ulikuwa unashikilia daftari lisiruke.

Kazi za mjini nazo zinaongezea. Bodaboda kutwa nzima anazungusha mafuta kwa mkono wa kulia. Mama ntilie anasonga ugali wa watu 40 kwa mkono uleule kila siku. Fundi seremala anasukuma randa upande mmoja, konda ananing'inia mlangoni kwa mkono aliouzoea, na mwanachuo anatundika begi la laptopu kwenye bega moja tangu mwaka wa kwanza. Miili hii ndiyo inayolala chini saa mbili usiku kuanza pushapu. Haiwezi kuwa sawa, na haijawahi kuwa sawa.

PUSHAPU INAVYOIBIWA

Sasa tizi la nyumbani lina siri moja ambayo jimu haina. Jimuni mtu akishika chuma cha kilo 10 kila mkono, wa kushoto ukishindwa unaonekana hadharani. Chuma kinabaki chini, mwenzake anapanda, stori imeisha. Pushapu haisemi kitu. Mikono yote miwili iko sakafuni, mwili unapanda, mwili unashuka, na anayehesabu anaona moja, mbili, tatu.

Mahesabu yenyewe ni haya. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba kama theluthi mbili ya uzito wa mwili, zilizobaki zinabebwa na miguu. Kijana wa kilo 70 anasukuma takriban kilo 45. Zikigawanywa kwa haki, kila mkono unapata 22 na kidogo. Lakini sakafu haina konda, haiulizi nani kalipa nauli na nani kapanda bure. Kama wa kulia una uwezo wa kubeba 26, wa kushoto utabeba 19 na mwili utapanda vilevile.

Na mwili ni mjanja. Uchovu ukianza, kiuno kinajipinda kidogo, kifua kinahamia upande wenye nguvu, kiwiko cha kushoto kinafunguka kwenda nje kama mlango wa daladala. Mwenyewe hasikii. Anachosikia ni kwamba amefika 40 leo wakati jana alikuwa 35. Anafurahi, anaposti, anapata laiki zake. Kumbe zile tano za nyongeza zimelipwa karibu zote na mkono mmoja.

Ndiyo maana ushauri wa "piga 100 kila siku" ni ushauri mbaya kwa mtu mwenye tatizo hili. Mia moja zilizopinda ni masomo 100 ya kuufundisha mkono wa kushoto jinsi ya kutegea. Mtu akifanya hivyo kwa mwezi, atakuwa na nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Ila mkono uliokuwa mbele utakuwa umekimbia zaidi, na ule wa nyuma utakuwa umezoea kubebwa.

BEGA LA DANSA NA KODI YA CHUMBA

Yupo dansa mmoja ambaye sura yake imepita kwenye video nyingi za wasanii wa Dar, naye jina kapuni. Aliingia kwenye chalenji ya pushapu 100 kwa siku 30, kila siku klipu moja, wafuasi wanahesabu naye. Siku ya 12 bega la kushoto likaanza kuuma kwa mbele. Akapaka dawa ya kuchua, akaendelea. Siku ya 19 alikuwa hawezi kuvaa fulana bila kukunja uso. Akaendelea, kwa sababu watu walishaandika "usituangushe".

Siku 30 zikatimia, makofi yakapigwa. Wiki mbili baadaye kulikuwa na mazoezi ya shoo ya mkoani, na kwenye ile stepu ya kurusha mikono juu, wa kushoto ukaishia usawa wa sikio. Msimamizi hakuwa na ubaya naye, akamwita dansa mwingine tu. Dansa halipwi mshahara, analipwa kwa shoo. Bega likigoma, kodi ya chumba haigomi.

Alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia hakuanza na dawa. Aliwekewa mizani mbili za kupimia uzito sakafuni, akaambiwa akae mkao wa kuanzia pushapu, kiganja kimoja kwenye kila mizani. Kulia ilisoma kilo 26, kushoto 19. Ndiyo namba pekee iliyokuwa na maana katika mwezi mzima wa kuhesabu, na haikuwahi kupostiwa. Kila aliposukuma, upande mmoja ulikuwa unalipa kilo saba zaidi ya mwingine, huku bega la kushoto likifanya kazi likiwa limekaa vibaya.

KUJIPIMA BILA KUDANGANYANA

Kioo hakitoshi kwa kipimo. Kioo kinaonyesha unene, na unene na nguvu si kitu kimoja. Mkono unaweza kuonekana mwembamba ukawa sawa kwa nguvu, na picha ya upande mmoja yenye taa ya ubavuni inaweza kumpa mtu bega ambalo hana.

Kipimo cha kwanza ni simu, ila safari hii si kwa ajili ya kuposti. Inasimamishwa chini mbele ya kichwa, mtu anapiga pushapu hadi achoke, halafu anaangalia zile tano za mwisho tu. Zile za mwanzo kila mtu ni msafi. Kwenye za mwisho anatazama bega lipi linatangulia kupanda, kiwiko kipi kinafunguka, kifua kinaegemea wapi.

Kipimo cha pili ni ukuta. Anasimama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, miguu imepanuka kidogo, kiganja kimoja ukutani usawa wa kifua, mkono mwingine nyuma ya mgongo. Anashuka taratibu hadi paji la uso likaribie ukuta, anasukuma kurudi, mwili ukiwa umenyooka bila kujipinda. Anahesabu safi tu. Anaanza na dhaifu, anapumzika, anahamia kwa wenye nguvu. Kijana akipata 7 kushoto na 12 kulia, ameshajua ukweli wake. Akipata 11 na 12, aachane na kioo aendelee na maisha.

Kipimo cha tatu ni zile mizani mbili, kwa anayeweza kuazima ya pili kwa jirani.

MKONO DHAIFU NDIO BOSI

Tiba yenyewe haina unga wala ada ya jimu. Ina sheria tatu, na ugumu wake uko kwenye ubishi wa mtu mwenyewe.

Sheria ya kwanza: mkono dhaifu unaanza, ukiwa bado una pumzi. Kila zoezi la mkono mmoja linaanzia huko.

Sheria ya pili: dhaifu ndio unaopanga idadi. Ukifika saba safi na ya nane inaanza kupinda, imeishia saba. Wenye nguvu unapiga saba na kuacha, hata kama unaona unaweza 12. Hapa ndipo vijana wengi wanashindwa. Mkono wa kulia unawasha, unataka kuonyesha, na geto lina washkaji wawili wanaoangalia. Kuacha kwenye saba inaonekana kama kushindwa, wakati hiyo ndiyo dawa.

Sheria ya tatu: anayetaka kuongeza, anaongeza raundi moja tu kwa mkono dhaifu, basi. Kuupigia kushoto mara tatu ya kulia ni njia ya haraka ya kuhamishia maumivu upande wa pili.

Mazoezi yenyewe yapo chumbani tayari. Kuna ile pushapu ya mkono mmoja ukutani, ambayo ikizoeleka inahamia kwenye ukingo wa meza nzito, kisha kwenye ngazi, na kadiri mkono unavyoshuka ndivyo uzito unavyopanda. Mtu anashuka ngazi moja pale tu mkono dhaifu unapofika 12 safi, kwa raundi tatu. Haruki.

Kwa mikono yote miwili sakafuni, mkono dhaifu unabaki chini ya bega, ule wenye nguvu unasogezwa mbali pembeni. Aliye karibu anabeba zaidi. Anayeona ni nzito anaweka magoti chini, ambapo mikono inabeba karibu nusu ya uzito wa mwili badala ya theluthi mbili, na hakuna aibu yoyote kwenye magoti. Kushuka kunachukua sekunde tatu hadi tano. Kule kushuka taratibu ndiko kunakoumbua mkono unaotegea, maana kasi ndiyo maficho yake.

Kusukuma peke yake hakutoshi, lazima na kuvuta. Shuka imara au kanga mbili zilizosokotwa pamoja zinafungwa kwenye nguzo isiyotikisika, mtu anashika kwa mkono mmoja, anaegemea nyuma mwili ukiwa umenyooka, anajivuta hadi kiwiko kipite ubavu. Asiye na nguzo ana dumu. Dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano na ushee, la lita 10 ni kilo 10 na ushee, na linavutwa kutoka chini hadi ubavuni huku mkono mwingine umeegemea kitanda. Hapo maji ya kuoga yanapiga kazi mbili.

Mwisho ni ule mkao wa ubao, mikono imenyooka, halafu kiganja kimoja kinanyanyuka kugusa bega la pili kisha kinarudi, bila kiuno kuyumba. Bega linalobaki chini linalazimika kusimama peke yake. Wengi hugundua hapo kwamba upande mmoja wa mwili wao haujawahi kusimama peke yake.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na siku ya kupumzika katikati. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kila siku bila kupumzika ni sifa, na misuli hujengeka wakati wa mapumziko.

Baada ya wiki sita hadi nane mtu anarudi ukutani kujipima. Wiki za mwanzo nguvu inaweza kupanda hata kabla mkono haujanenepa, kwa sababu kinachojifunza kwanza ni ubongo na mishipa ya fahamu, namna ya kuamsha misuli iliyokuwa imelala. Anayetafuta sentimita kwenye tepu wiki ya pili atakata tamaa bure. Anayehesabu pushapu za ukutani ataona saba inakuwa tisa.

"SASA WA KULIA SI UTASINYAA?"

Hofu hii ndiyo inayowarudisha watu kwenye 100 zao. Jibu ni hapana. Kulinda nguvu iliyokwisha kujengwa kunahitaji kazi ndogo kuliko kuijenga, na saba zile zile mara tatu kwa wiki, pamoja na kila kitu mkono unachofanya mchana kutwa, zinatosha kuutunza kwa wiki hizo chache.

Kuna na jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1894, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliandika kwamba mtu akifundisha mkono mmoja peke yake, mkono wa pili ambao haukufanya chochote nao unapata nguvu kiasi. Tangu hapo jambo hilo limerudiwa kupimwa mara nyingi na limesimama. Mafunzo yanapita kwenye ubongo, na ubongo ni mmoja. Ndiyo sababu aliyevunjika mkono na kufungwa plasta anaweza kushauriwa na mtaalamu wake aendelee kuufanyisha kazi ule mzima, ili ule wa ndani ya plasta usipoteze kila kitu. Mikono ya mtu mmoja haishindani hata kidogo. Mashindano yako kwenye komenti.

UPANDE WA PILI NAO USIKILIZWE

Wapo makocha wanaosema yote haya ni kujisumbua, kwamba mtu apige pushapu za kawaida kwa usafi na tofauti itapungua yenyewe. Kwa anayeanza, mwenye pengo dogo, wana haki kabisa. Pushapu 10 za taratibu, kiuno kikiwa kimenyooka na viwiko vyote vikiwa karibu na mbavu, zinausaidia mkono dhaifu kuliko 100 za kasi. Neno la muhimu kwenye hoja yao ni usafi, na ndilo neno la kwanza kupotea pindi kamera inapowashwa.

Wana haki pia kwenye lingine: lengo halipaswi kuwa mikono pacha. Pengo dogo lisilouma, lisilozuia kazi, halihitaji tiba. Kijana anayeshinda akipima mikono kwa tepu kila asubuhi ana tatizo lingine, na huenda limeanzia kwenye simu kuliko kwenye misuli. Pengo la kushughulikia ni lile linalopindisha mwili, linalozidi kukua, au linaloanza kuuma.

Wanaouza unga na sindano hao hawana haki yoyote kwenye mjadala huu. Unga wa protini ni chakula tu, hauna macho ya kuona kushoto kuliko dhaifu ukaenda kujaza huko. Sindano za mafuta za kujaza mkono zinavimbisha bila kuongeza nguvu, na zinaweza kuleta usaha, vidonda na makovu yasiyoondoka. Mkono uliojazwa mafuta utaanguka kwenye ukuta uleule, kwenye namba ileile saba.

PALE AMBAPO SI SUALA LA TIZI

Kuna wakati mkono dhaifu unasema jambo ambalo pushapu haina jibu lake. Udhaifu uliokuja ghafla upande mmoja, hasa ukiambatana na uso kuanguka upande au maneno kukatika, unaweza kuwa kiharusi. Hapo mtu anakimbizwa hospitali dakika hiyohiyo, na kiharusi hakiangalii umri peke yake. Mkono unaozidi kusinyaa bila sababu, ganzi inayoshuka hadi vidoleni, maumivu ya bega yanayoamsha usiku, au udhaifu uliobaki baada ya kuvunjika au ajali ya boda, vyote hivyo vinahitaji daktari kabla ya ukuta. Na maumivu makali ndani ya kiungo wakati wa zoezi ni amri ya kuacha. "Komaa mwanangu" haijawahi kuponya bega.

IDADI NDOGO ISIYOPOSTIKA

Mtandao umewafundisha vijana kuheshimu namba kubwa, na hapo ndipo mastaa wanapobeba lawama. Wao ndio wanaoonyesha 100. Hakuna anayeposti saba za ukutani, polepole, kwa mkono wa kushoto, uso umekunjamana, halafu akaacha saba za kulia akiwa bado ana nguvu. Klipu hiyo haina muziki unaoifaa. Lakini ndiyo klipu ambayo yule anayeuliza "dawa yake nini wakuu" anaihitaji, na staa mwenye wafuasi wengi akiiposti mara moja tu ataokoa mabega mengi kuliko chalenji kumi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Walikuwa wanazungumzia watu kusaidiana, ila msemo umekaa vizuri hata sakafuni. Mkono wenye nguvu ukizoea kufanya kila kitu peke yake, mwenzake hauwezi kukua, na siku wa kwanza ukiumia hakuna wa kushika nafasi. Kusubiriana kwa wiki nane ni gharama ndogo. Ni wiki nane tu za kuonekana mnyonge mbele ya washkaji.

Wadau, kushoto kwenu ukutani kunafika ngapi? Uwanja wa komenti ni wenu. Ila hapa zinahesabiwa zile safi tu.